Kukaa Upande wa Kichwa

Mliponiaga pale kazini mlinipa kitenge, ndoo mbili na saa ya ukutani. Kitenge nimeshona, ndoo natumia. Saa sijui mlifikiria nini. Mtu amestaafu halafu mnampa saa, aangalie nini? Nimeitundika hata hivyo. Inagonga sebuleni peke yake, na siku hizi ndiyo inayoongea zaidi humu ndani.

Agneta, wewe ndiye uliyeniomba niandike. Ulisema, "Bibi, hayo ya kuwalaza wanyama ulikuwa unayafanya kwa namna yako. Tuandikie, tusije tukayasahau." Haya, naandika. Shule mimi niliishia darasa la nne, nikarudishwa nyumbani kulea wadogo zangu, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Ya vyeo sitayasema, kwanza cheo changu kilikuwa kimoja, mhudumu, tangu naingia mpaka natoka. Nitasema ya kazi. Na mwishoni nitasema ya Bobi, maana wengine wenu mmekuwa mkiniuliza kwenye simu nami nakata. Sikukata kwa hasira. Sikuwa na la kusema, basi.

Siku ya kwanza pale kliniki ya mifugo nilipewa fagio, tambara la kudekia na ndoo ya maji yenye dawa. Niliambiwa nisiguse mnyama yeyote. Kabla hata ya chai ya asubuhi wakaniita nimshike mbwa, kwa sababu mshikaji wa pili alikuwa ameumwa na nguruwe. Hapo ndipo mjue kazi yetu ilivyo. Unaajiriwa kudeki, unajikuta una mbwa kifuani.

Alikuwa mbwa mkubwa mweusi wa mlinzi wa ghala la mahindi. Nikamkaba shingo kwa mikono yote miwili, nikafumba na macho. Mhudumu mkuu wakati huo alikuwa Mzee Mapunda, mtu mrefu, mikono yake imejaa makovu mpaka kwenye viwiko. Akaniangalia, akaweka kikombe chini.

"Wewe mama, umeshika mbwa au umeshika mwizi?"

"Ataniuma, mzee."

"Akikuuma ni kwa sababu unamnyonga. Legeza vidole. Mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine upite nyuma ya mgongo, umlete kifuani kwako kama mtoto anayekataa kuoga. Hivyo. Sasa fumbua macho, hutaki kuona unachoshika?"

Ndiyo shule yangu hiyo. Mengine nilijifunza kwa kutazama. Kidole gumba kinabana kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, halafu unakivuta kidogo kwa nje, na mshipa unajitokeza kama kamba ya kiatu. Daktari akishaingia ndani ya mshipa unalegeza gumba, lakini mkono wenyewe hauachii. Wengi wenu mnaachia vyote viwili kwa pamoja, mbwa anaruka, sindano inatoka, halafu mnasema mbwa mkorofi. Mbwa hana ukorofi. Kamba ya kufunga mdomo iwe ya bendeji, si ya katani, na fundo lifungwe nyuma ya masikio mahali unapoweza kulifungua kwa mkono mmoja. Wembe wa kunyolea manyoya uwe mpya. Wembe wa jana ni wa jana.

Na gunia. Meza yetu ni ya bati, na mwezi wa saba hapa Songea bati lile linauma kwa baridi. Mzee Mapunda alikuwa na gunia lake alilolifua mwenyewe, analikunja mara mbili na kulitandika kabla mnyama hajapandishwa. Daktari mmoja mgeni aliwahi kumuuliza kama hilo ni agizo la wizara. Akajibu, "Hapana daktari, ni agizo la tumbo. Weka lako hapo uone." Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Miaka ile watu hawakuwa wanaleta mbwa kulazwa. Sisi kazini tunasema kulaza, maana yake kumpiga mnyama sindano ya mwisho asiteseke. Nyumbani mbwa akizeeka au akipondwa na gari, alikuwa anapelekwa porini, au anaitwa kijana mwenye rungu, au anawekewa sumu kwenye utumbo. Daktari wetu wa wakati ule ndiye aliyeanza kuwaambia watu kwenye kampeni za chanjo ya kichaa, kwamba mbwa akifika mwisho mleteni, tutamsaidia bila kelele. Walianza kuja mmoja mmoja. Wanakuja wamejifunika, utafikiri wamekuja kupima ugonjwa wa aibu. Mtu kulia kwa ajili ya mbwa mbele ya watu hapa kwetu ni kujitafutia jina.

Kwa hiyo walikuwa wanatoka nje. Wanaume hasa. Mbwa akishawekwa mezani, mwenye mbwa anakumbuka anataka kwenda kukojoa. Simu za mkononi zilipoingia wakaacha kukojoa, wakaanza kupokea simu. Sijapata kuona watu wanaopigiwa simu kwa wakati mmoja namna ile. "Ngoja nipokee hii mara moja." Mlango unafungwa, na mbwa anabaki na sisi.

Mzee Mapunda ndiye aliyenionyesha. Tulikuwa tumemlaza mbwa wa mwenye hoteli moja pale mjini, mbwa mtulivu, hakuleta shida yoyote. Tulipomaliza akaniuliza, "Uliona macho yake?"

"Niliona mshipa tu, mzee."

"Alikuwa anatazama mlango. Wote wanatazama mlango. Hajui sindano ni nini, anajua tu aliyemleta ametoka. Anakufa anamsubiri."

Kuanzia hapo akaweka utaratibu wake. Upande wa mguu ni wa mshikaji. Upande wa kichwa ni wa mwenye mnyama, mahali mnyama anapomwona bila kugeuka. Daktari yuko ubavuni. Na mlango unafungwa kwa komeo, Mzee Mapunda mwenyewe ndiye anayelisukuma. Mtu akisema nina simu, anaambiwa, "Itakuita tena." Alipostaafu nikaurithi mimi, na ukali wangu wote mnaousema ulianzia pale. Mnasema nilimfokea ofisa wa polisi. Nilimfokea, ndiyo. Alikaa. Alilia mpaka kofia ikaanguka, na alipomaliza akanishika mkono. Kofia nilimwokotea.

Watu wanapokaa upande wa kichwa wanauliza niseme nini. Waambieni waseme chochote, ila kwa lugha ya nyumbani. Mama mmoja wa Kimatengo alikuwa anamwambia mbwa wake kwa Kiswahili, "Pole sana, usiwe na wasiwasi, utapumzika," kama anayesoma tangazo la hospitali. Mbwa anatetemeka tu. Nikamwambia, "Mama, nyumbani unaongea naye hivyo?" Akacheka huku machozi yanatoka, akageukia Kimatengo. Sijui alisema nini. Naona ilikuwa habari ya maharage, maana nilisikia jina la shamba. Mbwa akashusha masikio.

Tena siwezi kumwacha yule mzee wa Nakapanya. Alikuja na basi kutoka kule Tunduru, safari nzima amepakata kikapu, ndani yake paka. Paka alikuwa amevunjika uti wa mgongo, nyuma hana miguu tena, na anajiburuta. Mzee mwenyewe kanzu safi, kofia safi. Akasema, "Mwanangu, nimemuuliza shehe wetu, kaniambia kiumbe asiachwe kwenye mateso ukiwa na uwezo. Lakini mimi mkono wangu umekataa. Kule watu wananicheka, wanasema paka unampandisha basi?"

Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Hapa hakuna wa kukucheka. Kaa hapa kwenye kichwa."

"Marahaba. Naruhusiwa kumshika?"

"Unatakiwa."

Akamshika paka uso kwa mikono miwili, akawa anasoma kwa sauti ya chini, maneno ya dini yake, taratibu, hayana mwisho. Daktari akamaliza na mzee bado anasoma. Hatukumkatisha. Tulisimama tu, mimi Mkatoliki na daktari Mlutheri, mpaka alipofuta uso. Halafu akauliza kama anaweza kurudi na paka wake, kwa sababu mke wake marehemu ndiye aliyemlea na angependa amzike karibu na nyumba. Tulimfungia vizuri kwenye gunia. Akapanda basi la kurudi na kikapu kilekile. Mara nyingi nimemfikiria kwenye kile kiti cha basi, barabara ndefu ile, abiria wa pembeni hajui kilichomo.

Mambo ya kuzika pia yaandikeni mahali. Shimo lichimbwe kabla, si baada. Baada mikono haina nguvu, mtu anachimba kifupi, na usiku mbwa wengine wanafukua. Dawa ile ikiwa bado mwilini inaua na anayekula. Kina kiwe cha mtu mzima kiunoni, na juu ya udongo weka mawe. Bakuli la mnyama lioshwe, lakini lisitupwe siku hiyohiyo. Watu wanatupa kwa haraka, kesho yake wanalitafuta jalalani. Na mwenye mnyama aambiwe akifika nyumbani amweleze mtu mmoja, yeyote, kwa mdomo. Hili nilikuwa nalisisitiza sana. Sikuwa nimejiuliza mtu asiye na wa kumweleza afanyeje.

Sasa Bobi.

Wale wa zamani mnamkumbuka alivyofika. Aliletwa na mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa amehamishwa kikazi, gari la mizigo linamsubiri barabarani, vitanda juu, masufuria yananing'inia. Akasema mbwa alazwe. Daktari akampima Bobi, akampapasa tumbo, akamtazama meno.

"Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi, daktari. Nimehamishwa."

"Kuhama si ugonjwa," daktari akasema. "Simlazi."

Yule bwana akasema basi ngoja apige simu, aone kama kuna rafiki wa kumchukua. Akatoka. Tukasikia gari linawashwa. Bobi akakaa chini, akauelekea mlango. Alikaa vile mpaka tunafunga kliniki. Nikamchukua, maana ilikuwa lazima mtu amchukue, na mimi mume wangu alikuwa ametangulia mwaka ule na mwanangu Osmundi ameshakwenda Dar es Salaam. Msidhani ni huruma. Nilihitaji mlinzi.

Hakuwa mlinzi. Alikuwa mtazamaji. Nyumba yangu hapa Mfaranyaki ina geti la bati, na kila jioni Bobi analikalia, pua kwenye upenyo wa chini, halali. Nikimwita ndani anakuja, nikigeuka yuko getini. Wiki za kwanza nilimgombeza. Halafu jioni moja, nimechoka, nikawa naongea peke yangu huku nafunga funga, kama wanavyofanya watu waliozoea kuwa na mtu wa kuwajibu. "Geti nimefunga. Kuku wameingia. Moto nimezima. Hakuna anayekuja, hakuna anayetoka. Haya, tulale." Nilipofika mlangoni yuko nyuma yangu. Akalala palepale kwenye tambara lake, akakoroma.

Kesho yake nikasema tena. Ikawa ndiyo sala yetu ya jioni, padri anisamehe. Nikisahau mstari wa kuku, halali. Nikiwa na homa nasema nikiwa kitandani, lakini kwanza nahakikisha geti limefungwa kweli, kwa sababu yule mbwa alishadanganywa mara moja na mimi sikutaka kuwa wa pili.

Tulikaa hivyo miaka yote ile. Mdomo wake ukaota mvi. Mimi nikastaafu. Mwezi wa kwanza wa kustaafu mtu anajidai anapumzika. Mwezi wa pili niliwahi kuamka, nikavaa, nikafika mpaka njia panda ya kliniki, nikarudi. Mzee Mapunda alipostaafu alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi letu la nje asubuhi nzima, na mimi nilidhani anakuja kutuchunguza kama tunatandika gunia. Marehemu, nilikuwa nampa chai haraka haraka aondoke. Sasa najua alikuja kufanya nini. Alikuja kukaa.

Mvua zilipokatika Bobi akaacha kula. Kwanza ugali, nikasema ameuchoka. Nikampa dagaa wa Nyasa, wale anaowapenda, akawanusa akaweka kidevu chini. Nikampapasa tumbo, nikakuta uvimbe upande wa wengu. Mikono hii ilishapapasa matumbo mengi, haikuhitaji kuambiwa. Miguu ya nyuma ikaanza kulegea. Jioni alikuwa anajivuta mpaka getini, akimaliza kusikia maneno yetu anashindwa kurudi, namrudisha mimi na mgongo wangu huu.

Agneta ukaja kunisalimia na maparachichi. Ukamwona pale kwenye tambara. Hukusema pole. Ukachuchumaa, ukamshika ufizi kuangalia rangi. Halafu ukasema, "Bibi, angeletwa kazini na mtu mwingine, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali."

"Basi ni kesho asubuhi. Nitakuja na daktari."

"Daktari aje na sindano tu. Nitamshika mwenyewe."

Ukaaga. Nilidhani umekubali.

Nilikuwa na jambo moja tu moyoni, na sikumwambia mtu. Nilitaka asife akitazama mlango. Wengine wote walipata mtu wa kukaa kichwani kwa sababu nilikuwapo kuwalazimisha. Bobi alishatazama mlango siku moja nzima pale kliniki, inatosha. Lakini pia sikuamini mkono wa mtu mwingine kwenye mguu wake. Mtu mmoja hawezi kukaa pande mbili za meza, hilo nimelisema mimi mwenyewe mara ngapi? Nikajiambia nitaweza.

Jioni ile nikamwita jirani yangu, Baba Getruda, aje anichimbie shimo nyuma ya choo cha zamani, chini ya mti wa mparachichi. Baba Getruda ni mtu wa maneno. Akachimba kidogo, akaegemea jembe.

"Bibi, hili ni la mgomba?"

"Chimba."

"Mgomba hauhitaji urefu huu, bibi. Au unaficha pensheni?"

"Baba Getruda, chimba."

Akatazama uani, akamwona Bobi amelala kwa ubavu, mbavu zinahesabika. Akavua shati. Akachimba mpaka kiunoni bila mimi kumwambia, na hakufungua mdomo tena. Kwa Baba Getruda huo ni msiba wa kitaifa.

Asubuhi mkaja kwa pikipiki, wewe na daktari. Bobi nilikuwa nimemtandikia gunia uani kwenye jua jembamba. Mliingia, daktari akafungua mkoba, nami nikapiga magoti upande wa mguu, nikaweka kidole gumba kwenye kiwiko. Wewe ukaja ukasimama juu yangu.

"Bibi, toka huku. Leo huku si kwako."

"Utamnyonga."

"Nitamnyonga vipi na umenifundisha wewe? Nenda upande wa kichwa."

"Agneta."

"Itakuita tena, Bibi."

Umejifunza maneno ya marehemu Mzee Mapunda ukayatumia kwangu. Nilikasirika. Nikahama hata hivyo, nikakaa chini kichwani, magoti yanalia. Nikangoja nione utakavyomshika. Mkono chini ya kidevu, mwingine nyuma, kifuani. Sawa. Gumba likawa mbele kidogo kuliko ninavyopenda, lakini sawa.

"Ongea naye," ukasema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Si ndivyo ulivyokuwa unawaambia?"

Ndivyo nilivyokuwa nawaambia. Nawaambia haraka haraka, nina ndoo mkononi na foleni nje. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nilitaka kusema pole, nikaona ni kile Kiswahili cha tangazo la hospitali. Na Bobi akageuza macho. Yakapita bega langu, yakaenda nyuma yangu, yakakaa huko. Sikuhitaji kugeuka. Mlikuwa mmeingiza pikipiki na geti mmeliacha wazi.

Daktari alikuwa ameshavuta dawa ya kwanza, ile ya usingizi, sindano iko juu.

"Daktari," nikasema, "kafunge geti."

"Bibi, ni dakika moja tu, ngoja nim..."

"Kafunge geti. Na komeo."

Akaniangalia, akakuangalia wewe. Wewe ukamwonyesha geti kwa kidevu. Daktari wa watu, kijana mwenye digrii yake, akasimama na sindano imeelekea juu kama mshumaa wa Pasaka, akavuka ua, akasukuma geti, akapiga komeo. Nilisikia bati likigonga. Bobi naye alisikia, sikio lilicheza.

Hapo sauti ikaja.

"Geti nimefunga," nikamwambia. "Kuku wameingia." Kuku walikuwa nje, wako kwa jirani wanachakura, lakini Mama Getruda, mke wa Baba Getruda, alikuwa amewafungia uani kwake asubuhi hiyo ili wasitusumbue, kwa hiyo walikuwa ndani ya ua wa mtu, si uongo. "Moto nimezima. Hakuna anayekuja, hakuna anayetoka."

Macho yakarudi kutoka kule nyuma, yakanitazama. Daktari akapiga ya kwanza kwenye nyama ya paja. Bobi akashusha kidevu, akakilaza juu ya mguu wangu, akapumua kwa nguvu kama anavyopumua akishaona siku imekwisha. Akaanza kukoroma. Mkamnyoa, mkapiga ya pili kwenye mshipa. Nikaona gumba lako linalegea taratibu na mkono hauachii. Nikasema, "Haya, tulale." Mkoromo ukasimama.

Tulimzika. Baba Getruda alileta mawe kwenye toroli. Tulipomaliza mlitaka kubaki kidogo nami nikawafukuza, nikasema nina kazi za kufanya. Sikuwa na kazi yoyote. Nikaosha bakuli, nikaliweka juu ya kabati.

Mchana Osmundi akapiga simu kutoka Dar. Nikafanya nilichokuwa nawaambia watu, nikamweleza. Akasema, "Pole mama. Usijali, likizo nitakuletea mwingine, tena mzuri, wa kizungu."

Nikamwambia, "Sijavunja sahani, mwanangu."

Akasema anasikia mtandao mbaya. Simlaumu. Kukaa upande wa kichwa kwa simu ni kazi ngumu.

Alasiri nimekaa kibarazani sifanyi chochote, Mama Getruda akachungulia juu ya ua wa matete. Yule naye ni ulimi mtupu, mume na mke waliokotana.

"Heh, mama mkubwa, naona umeweka matanga ya mbwa."

"Nimeweka. Na wewe umekuja mikono mitupu. Matanga gani hayo jirani haleti hata kuni?"

Akacheka, akatoweka. Nikajua kesho Mfaranyaki nzima itakuwa na habari. Baada ya muda geti likasukumwa, akaingia na kuni tatu kwapani na mkeka. Akaziweka jikoni, akatandika mkeka, akakaa. Hakusema neno lolote kuhusu Bobi. Alichambua mchicha wake, ananisimulia bei ya mahindi, mpaka kukaanza kuwa giza, akaenda kumpikia mumewe. Kuni zake bado ninazo. Nimeshindwa kuziwasha.

Kwa hiyo, ninyi mnaobaki, mkimaliza kazi na mwenye mnyama anatoka na kamba tupu mkononi, msikimbilie kudeki. Mwulizeni nyumbani kuna nani. Akisema hakuna mtu, mpeni lile benchi la nje, na chai isiwe ya haraka haraka. Hilo mimi sikulifanya vya kutosha, lifanyeni ninyi.

Jioni ile Mama Getruda alipoondoka, nikazunguka kama siku zote. Nikasukuma geti, nikapiga komeo. Nikahesabu kuku. Nikamwaga majivu kwenye makaa. Nikasimama uani, tambara lake liko pale, saa yenu inagonga ndani. Nikayasema maneno yote, kwa sauti, mpaka ule mstari wa kuku sikuuruka. Halafu nikasubiri kidogo, kisha nikaingia.